Nusu Milimita ya Uzi

Mwaka 2015 besiboli ya vyuo vikuu vya Marekani ilibadilisha kitu kimoja kidogo sana kwenye mpira wake: urefu wa mshono. Uzito ulibaki ule ule, ukubwa ule ule, ngozi ile ile nyeupe. Ule uzi mwekundu unaoshikilia ngozi pamoja ndio uliolazwa kidogo, kutoka milimita 1.2 hivi hadi kama 0.8. Tofauti haifiki nusu milimita. Chukua karatasi nne za kuprinti, zipange moja juu ya nyingine, umefika.

Na mchezo mzima ukabadilika.

Najua unajiuliza huyu leo amekula nini. Wiki iliyopita nililia na bei ya bando, leo nimeamkia besiboli. Nipe dakika kumi tu. Hii stori inahusu watu wanaoitwa wabovu wakati kilicho kibovu ni kifaa walichopewa, na nina sababu zangu za kuiandika.

Kama ulisoma shule ya msingi hapa Kenya, tayari unajua nusu ya besiboli. Ni ndugu mkubwa wa raundasi. Kuna mtu anarusha, kuna mtu anapiga, ukishapiga unakimbia kuzunguka vituo urudi ulikoanzia kabla hawajakutoa. Tofauti ni kwamba huku mpira unakuja kwa kasi inayoweza kupita kilomita 140 kwa saa, na uwanja una ukuta. Ukipiga mpira ukavuka huo ukuta ukiwa bado hewani, hakuna wa kukukimbiza tena. Unazunguka polepole kama bwana harusi huku watu wanapiga kelele. Hiyo ndiyo homurani. Skauti wa ligi za kulipwa wakija kuangalia mpigaji wa chuo, moja ya vitu vya kwanza wanavyotaka kujua ni hiki: huyu kijana ana ngapi?

Binamu yangu alikuwa na mbili. Kwa miaka minne.

Nitamwita Mutua. Shangazi yangu alihamia Omaha, Nebraska, Mutua akiwa mtoto wa darasa la kwanza, na kama unaujua huo mji kwa jambo lolote basi ni hili: tangu 1950, fainali za besiboli za vyuo vikuu vya Marekani huchezewa Omaha. Kila Juni mji unajaa. Sisi tukikua Machakos tukibishana Gor na AFC, yeye alikua akiuza maji nje ya uwanja na kuokota mipira iliyopotea. Haishangazi kwamba alijifunza kupiga. Akapata nafasi ya kuchezea chuo kidogo cha daraja la kwanza huko katikati ya Marekani, sehemu ambayo Machi bado kuna theluji pembeni ya uwanja. Alianza masomo Agosti 2010, kwa hivyo msimu wake wa kwanza ulikuwa 2011.

Shikilia huo mwaka.

Hadi 2010 vijana wa vyuo walikuwa wanapiga na magongo ya chuma na ya nyuzi za kaboni yaliyokuwa moto kupita kiasi. Mpira ukigusa gongo, gongo lenyewe linajikunja kidogo halafu linausukuma kama manati. Fainali ya 1998 iliisha USC 21, Arizona State 14. Hayo ni matokeo ya netiboli. Isitoshe, mrushaji husimama kama mita 18 tu kutoka kwa mpigaji, na mpira ukirudi kwa kasi ile usoni kwake hana muda hata wa kupepesa macho. Kwa hivyo kuanzia msimu wa 2011, NCAA, lile shirika linalosimamia michezo ya vyuo, likaweka sheria mpya: gongo la chuma lazima liwe na tabia karibu sawa na la mbao. Sheria nzuri, sina shida nayo. Lakini angalia kilichofuata. Mwaka 2010 kila timu ilikuwa na wastani wa homurani 0.94 kwa mechi. Mwaka 2011 ikawa 0.52. Mwaka 2012, 0.48. Mwaka 2013, 0.42. Mwaka 2014, 0.39. Nimeziandika moja moja makusudi ili uone vile ngazi inashuka.

Na kana kwamba hiyo haitoshi, mwaka huo huo wa 2011 fainali zikahamishwa kutoka uwanja wa zamani wa Rosenblatt hadi uwanja mpya katikati ya mji, mkubwa, ambao upepo mara nyingi huvuma ukimwelekea mpigaji. Fainali za 2013 zilikuwa na mechi 14 na homurani tatu. Si tatu kwa mechi, tatu jumla. Za 2014 zilikuwa mechi 16, na homurani tatu tena. Moja ya hizo tatu ndiyo iliyoamua ubingwa: John Norwood wa Vanderbilt aliipiga mechi ya mwisho ikiwa 2-2, wakamaliza 3-2, chuo chake kikachukua taji la kwanza kabisa la besiboli katika historia yake. Mutua aliitazama hiyo mechi akiwa amemaliza chuo mwezi uliotangulia. Aliniambia uwanja mzima ulishtuka, juu watu walikuwa washasahau kwamba mpira unaweza kutoka.

Sasa turudi kwa uzi.

Mpira wa vyuo wa wakati huo ulikuwa na mshono uliosimama. Warushaji wengi waliupenda, na unaweza kuona sababu: vidole vinapata pa kushika, na ule mshono uliosimama unakamata hewa, mpira unapinda njiani kama nyoka. Ligi ndogo za kulipwa, zile ambazo kijana wa chuo huanzia akichukuliwa, zilikuwa zinatumia mpira wenye mshono uliolala. Wote hao ni mipira ya besiboli, ukiweka mezani huwezi kuitofautisha kwa macho kama si mtu wa mchezo. Ni lazima upitishe kidole.

Ili uelewe kwa nini kidole kinaona kitu ambacho jicho halioni, kumbuka ukiwa dirishani kwa matatu pale Mombasa Road usiku barabara ikiwa wazi. (Usifanye hivi, lakini sote tumefanya.) Ukitoa mkono nje kiganja kikiwa kimelala, upepo unapita. Ukiuinua kidogo tu, mkono unatupwa nyuma. Mpira ukiwa hewani unafanyiwa vivyo hivyo. Hewa inateleza juu ya ngozi laini, inafika kwenye mshono, inajikwaa, na nyuma ya mpira kunabaki mkia wa hewa iliyovurugika unaouvuta mpira urudi nyuma. Mshono ukisimama zaidi, mkia unakuwa mnene zaidi. Mpira unachoka mapema.

Watu wa maabara ya sayansi ya michezo ya Washington State University walipewa kazi ya kupima. Wakafyatua mipira kwa mashine, yote kwa kasi moja ya maili 95 kwa saa, pembe moja ya digrii 25, mzunguko mmoja. Hakuna mpigaji hapo, hakuna kipaji, hakuna maombi ya mama. Mashine tu. Mpira wa mshono uliosimama ulianguka futi 367. Wa mshono uliolala ulianguka futi 387.

Futi 20. Mita sita. Kwa mpigo ule ule.

Sasa ongeza hii: kwenye ule uwanja mpya wa Omaha, ukuta wa kushoto-katikati na kulia-katikati uko futi 375. Hebu soma hizo namba tatu tena. 367, 375, 387. Mpira wa kwanza unashikwa na mlinzi aliyeegemea ukuta, mpigaji anarudi kuketi, kwenye karatasi anaandikiwa ametolewa. Wa pili ni homurani, timu inaruka juu, skauti anaandika kitu kwenye daftari lake. Na mpigaji alifanya kitu kile kile, kwa misuli ile ile.

Uamuzi wa kubadilisha ulifanywa Novemba 2013, lakini mpira mpya haukuanza kutumika hadi msimu wa 2015. Matokeo hayakuchelewa. Kutoka 0.39, homurani zilipanda hadi 0.56 kwa mechi kwa kila timu, ndani ya mwaka mmoja, magongo yakiwa ni yale yale ya 2014, viwanja vile vile, na sehemu kubwa ya wachezaji wakiwa wale wale. Ni ongezeko la zaidi ya asilimia 40. Vijana waliokuwa wanaitwa dhaifu Juni waliamka Februari wakiwa na nguvu. Hakuna dawa ya misuli inayofanya kazi hivyo.

Hapa ndipo damu yangu huchemka kidogo. Kijana anaruhusiwa misimu minne ya kucheza chuoni. Ukianza na msimu wa 2011, wa mwisho wako ni 2014. Yaani kuna kundi moja la vijana, kundi moja kamili, walioingia siku gongo lilipopozwa na kutoka miezi michache kabla ya mpira kulazwa mshono. Waliotangulia walipiga na manati. Waliofuata wakapewa mpira unaoruka. Hawa wa katikati walipewa gongo la kama mbao na mpira wa kujikwaa hewani, mchanganyiko ambao hakuna ligi ya kulipwa iliyokuwa inautumia, halafu wakapimwa kama kwamba wako sawa na wengine wote. Usiku, kwenye runinga, mchambuzi anasema kizazi hiki hakina wapigaji.

Mutua ni wa kundi hilo. Ligi kuu mwaka wa 2014 ilichagua wachezaji kwa raundi 40, zaidi ya majina elfu moja mia mbili. Jina lake halikuwemo. Akapata kazi ya bima.

Nyumbani kwetu hii stori ilikuwa na tafsiri moja. Baba yangu, ambaye ndiye mjomba wake, alikuwa anasema kila Desemba tukikaa na nyama: "Shemeji yenu alilipa nauli kijana aende Amerika kucheza raundasi, na hata raundasi ikamshinda." Watu wanacheka. Shangazi yangu akiwepo hacheki. Yeye ndiye alikuwa anamwendesha kijana saa kumi na moja asubuhi kwenda mazoezi kabla ya zamu yake ya hospitali, na ndiye aliyekuwa kwenye viti vya chuma siku nyingi sana ambazo mpira ulipanda, ukapanda, watu wakasimama, halafu ukaanza kushuka mapema kama ndege iliyoishiwa mafuta.

Mbele ya ukuta wa uwanja wa besiboli kuna ukanda wa udongo. Kazi yake ni kumwonya mlinzi anayekimbia akiangalia juu, miguu yake isikie tofauti ya nyasi na udongo ajue ukuta uko karibu. Mipira ya Mutua ilifia hapo. Aliniambia mwaka wake wa tatu alianza kuzihesabu, zile zilizoshikwa kwenye udongo. Alipofika kumi na moja akaacha, juu alikuwa ameanza kuinua gongo ili autume mpira juu zaidi, akavuruga mapigo yake yote, akawa hata zile ndogo hazipati. Kocha akamweka benchi wiki mbili. Mtu akikwambia hujafika, unajaribu kufika kwa njia yoyote, na njia nyingi hukuharibu.

Sasa, tuwe wakweli, kuna hoja ya upande wa pili na ni nzito. Mwaka huo huo wa 2013, gongo lile lile, mpira ule ule uliosimama mshono, kijana anayeitwa Kris Bryant wa University of San Diego alipiga homurani 31. Peke yake. Timu nyingi nzima za daraja la kwanza hazikufika hapo. Chicago Cubs wakamchukua namba mbili kwa nchi nzima. Kwa hivyo mtu atakuuliza, si Bryant naye alikuwa na mpira huo huo? Si ni kipaji tu?

Nimeifikiria sana hii. Bryant hakuwa anapiga futi 367. Alikuwa anapiga mipira inayopita ukuta na kuendelea na safari. Ukimnyang'anya futi 20, bado amevuka. Na kuna mwingine ambaye hata ukimwongezea futi 20, mpira wake bado uko mikononi mwa mlinzi. Mabadiliko ya mshono hayakuwagusa sana hao wawili. Yaliwagusa wale wa katikati, wazuri wa kawaida, ambao maisha yao yote ya mchezo yanaamuliwa kati ya futi 367 na 387. Na hao ndio wengi. Ukitumia mtu mkubwa kuthibitisha kwamba kifaa hakina kosa, unakuwa umemuuliza shahidi ambaye hakuwepo eneo la tukio.

Nafanya KCSE mwaka wa 2016, kwa hivyo nina maslahi katika hii kesi, nimekubali. Kwa wasiokumbuka: mwaka wa 2015 walipata A zaidi ya 2,600 nchi nzima. Mwaka wetu, 141. Najua sababu, wizi wa mitihani ulibanwa, na kubanwa kulihitajika, sitetei waliokuwa wananunua karatasi kwa WhatsApp. Lakini hadi leo nikipeleka karatasi yangu mahali, inawekwa kando ya ya mtu wa 2014 na msomaji haangalii mwaka, anaangalia herufi. Wale 141 wako sawa, kama Bryant. Ni sisi wa ukanda wa udongo tunaojieleza. Na angalau wenzetu wa besiboli walipata mashine ikafyatua mipira yote miwili, namba zikatangazwa, kila mtu akaona tofauti ni futi 20. Sisi hakuna aliyetupimia.

Michezo mingine imewahi kulitatua hili kwa heshima zaidi. Mwaka 1984 Mjerumani Mashariki anayeitwa Uwe Hohn alirusha mkuki mita 104.80. Viwanja vilikuwa vinaisha, mkuki ungeanza kuchoma watu upande wa pili. Kwa hivyo mkuki wa wanaume ukatengenezwa upya kuanzia 1986, uzito ukasogezwa mbele ili ncha ishuke mapema. Lakini waliobadilisha walifanya kitu cha maana: walianza orodha mpya ya rekodi. Ndiyo maana Julius Yego wetu aliporusha 92.72 kule Beijing 2015 akawa bingwa wa dunia, hakuna mtu mwenye akili aliyesema "lakini Hohn alirusha 104". Ni mkuki mwingine. Imeandikwa.

Besiboli ya vyuo haijafanya hivyo. Kwenye vitabu vyake, 2014 na 2015 zinafuatana kama miaka miwili ya kawaida. Anayesoma jina la Mutua na ile namba mbili mbele yake hataona popote kwamba uzi ulikuwa umesimama.

Sitaki kudanganya kwamba kila kitu kilichotokea baadaye ni mshono. Tangu hapo vijana wamekuwa wakubwa zaidi, wanafundishwa kwa kamera na kompyuta pembe gani ya kupiga, watengenezaji wa magongo wamejua kucheza ndani ya sheria, na baada ya msimu wa 2020 kukatizwa na Covid, wachezaji walipewa mwaka wa ziada, kwa hivyo kulikuwa na wanaume wa miaka 24 waliokuwa wanawapiga watoto wa 18. Tennessee walichukua ubingwa wa 2024 pale pale Omaha wakiwa na homurani 184 kwa msimu mmoja, wakikaribia rekodi ya LSU ya 188 iliyowekwa 1997 enzi za manati. Mzunguko umekamilika, ni vile tu siku hizi uwanja una jina la kampuni nyingine.

Hata ligi kuu ya kulipwa haikuepuka. Mwaka 2019 walipiga homurani 6,776, nyingi kuliko mwaka wowote, warushaji wakapiga kelele kwamba mpira umebadilika. Ligi ikaita wanasayansi, na mwisho wa mwaka wakasema ndiyo, hewa ilikuwa inaukinza mpira kidogo kuliko zamani, na urefu wa mshono ni mojawapo ya sababu. Mipira hiyo ya ligi kuu hushonwa kwa mkono, Costa Rica, mji unaitwa Turrialba. Mishono 108 kwa kila mpira, mtu ameketi na sindano mbili. Mimi hufikiria sana huyo mtu. Anavuta uzi kidogo zaidi siku ya Jumanne, na mtu mwingine Chicago anapata mkataba au anakosa.

Nilipokusanya hizi namba zote nilizituma kwa grupu la familia. Nilieleza maabara, futi 367, ukuta wa 375, kila kitu, na mchoro nikachora. Baba alikaa siku mbili bila kujibu, alama za bluu zipo. Siku ya tatu akaandika: "Sasa mbona hakuna aliyetwambia haya wakati huo?" Shangazi akamjibu kwa neno moja, "Ngai," na baada ya hapo akapiga simu, na sijui walizungumza nini, waliongea saa nzima na ni simu ya kimataifa.

Mutua mwenyewe hakuchangamka vile nilivyotarajia. Nilimpigia. Nilimuuliza kama haoni alidhulumiwa.

"Na nani?" akasema. "Mpira ulikuwa mmoja kwa kila mtu uwanjani."

"Uwanjani ndiyo. Lakini si kwa kila mwaka."

Akanyamaza kidogo. Akaniambia kuna mrushaji wa timu yao, rafiki yake hadi leo, aliyechukuliwa na ligi ya kulipwa kwa sababu mpira wake ulikuwa unapinda vibaya sana. Alipofika huko akapewa mpira wa mshono uliolala. Ukaacha kupinda. Alirudishwa nyumbani kabla msimu wa pili kuisha. "Kwa hivyo huyo naye tumwambieje?" akauliza. Sikuwa na jibu, na bado sina. Mshono uliomnyima Mutua mita sita ndio uliompa mwenzake kazi, halafu ukamwacha mlangoni.

Nikamuuliza swali la mwisho, lile nililokuwa nimelibeba tangu mwanzo: amewahi kupiga mpira mpya, huu wa mshono uliolala, aone?

"Hapana."

"Kwani mnakaa Omaha, imejaa kila duka."

"Nimesema hapana, bro. Sitaki kujua."

Jumamosi hufundisha watoto wa mtaa wao, wa miaka saba na nane, kwenye uwanja wa kanisa. Ana sanduku la mipira ya zamani gereji, ya mshono uliosimama, aliyopewa na chuo walipokuwa wanaitupa 2015. Anawafundishia nayo kurusha. Mikono yao ni midogo, anasema, na huo mshono unawasaidia kushika.